Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: na Kisima Je?



Wanaosubiri matokeo Mungu awajalie, na wale wanaobeba boksi usiku halafu asubuhi wakaingia darasani, poleni, sote tumepita huko. Leo sitaandika habari za viza wala kodi ya nyumba. Nataka kuzungumzia jambo linalosemwa sana kwenye vikao vyetu siku hizi, yaani ile ndoto ya kujenga nyumba za kupangisha watalii kwenye visiwa vya kwetu. Nina maoni yangu, na najua baadhi ya marafiki zangu hawatayapenda.

Kwanza tukubaliane jina. Kwa Kiswahili cha vijiweni ukisema umelala "nyumba ndogo" watu wataanza kucheka, na kama una mke utaulizwa maswali. Kwa hiyo humu nitasema banda, kama wanavyosema wale wanaopokea wageni huko pwani.

Mimi naishi Blacktown, magharibi ya Sydney, kama dakika 40 kwa treni kutoka katikati ya jiji. Nina miaka 30, nasoma uhandisi ujenzi ngazi ya uzamili, upande wa maji. Hapo Blacktown tuna kikundi chetu cha akiba, watu 12: Watanzania, Wakenya na Waganda wawili. Kila mwezi kila mtu anatoa dola 100. Hesabu ni rahisi, kwa miaka 2 tumefikisha dola 28,800. Kuna waliotoa hizo dola 100 kwa kusafisha ofisi usiku, kuna waliozitoa kwa kuhudumia wazee kwenye nyumba za kulelea. Si pesa za mchezo.

Wazo la kisiwa lilitokana na mwenzetu mmoja aliyekwenda Fiji na mchumba wake, wakalala siku 4 kwenye banda lililo ufukoni kabisa. Akarudi na picha. Tulizitazama jioni nzima, chapati zikapoa. Mwishoni akasema, "Jamani, sisi kwetu tuna visiwa vizuri kuliko hivi. Kwa nini hela tunawapelekea wengine?" Kwa kweli hapakuwa na wa kumjibu. Usiku uleule tukakubaliana: kiwanja kisiwani, mabanda 4, wageni walipe kwa dola. Na kwa kuwa mimi ndiye mhandisi wa kikundi, mchoro ukawa wangu.

Nikachora. Mabanda 4 yenye paa la makuti, hatua 20 tu kutoka majini ili mgeni akifungua macho aione bahari. Bwawa la kuogelea katikati. Vyoo vya kuvuta na mabomba ya kuogea yenye nguvu. Maji nikaandika kwa mstari mmoja tu, "kisima cha kuchimbwa kwa mashine". Kikundi kikapiga makofi, na mimi sio siri, nikajisikia bingwa.

Basi mwezi Julai nilikwenda nyumbani kwa harusi ya dada yangu. Wenzangu wakaniambia, ukiwa huko pitia kisiwani, ulale kwenye banda la watu kama mtalii, utuletee ripoti. Nikachagua Chole, kisiwa kidogo katika visiwa vya Mafia. Nina miaka 30, nimezaliwa Dar es Salaam, na hii ilikuwa mara yangu ya kwanza kukanyaga Mafia. Hili nalo tujiulize. Wangapi kati yetu tumeshaona Bali au Fiji na hatujawahi kuona Pemba, Mafia, Lamu wala Wasini?

Kufika Mafia kuna njia mbili, boti kutoka Nyamisati au ndege ndogo kutoka Dar. Mimi nilipanda ndege kwa sababu kusi ilikuwa inavuma na mimi baharini si shujaa. Unashuka Kilindoni, unakatisha kisiwa hadi Utende, unalipa kiingilio cha hifadhi ya bahari, ile iliyoanzishwa mwaka 1995 ikiwa ya kwanza ya aina yake Tanzania, kisha unapanda mashua kuvuka. Ukifika wakati maji yamekupwa unakunja suruali na unatembea mwenyewe hadi nchi kavu, begi kichwani.

Chole hakuna gari. Kuna njia za miguu, minazi, miembe, na popo wakubwa wanaoning'inia mitini mchana kama matunda meusi. Kuna mafundi wanaounda majahazi kwa zana za mkono. Kuna magofu ya enzi za Wajerumani, maana Chole ndiyo ilikuwa makao ya serikali yao Mafia hadi walipohamia Kilindoni mwaka 1913, na mizizi ya miti imeyakumbatia yale majengo hadi hujui kipi kinashikilia kingine. Ng'ambo ya pili, kisiwani Juani, kuna magofu ya mji wa Kua. Nikiwaambia kwamba jioni ya kwanza nilikaa barazani nikasahau tasnifu yangu kabisa, muniamini. Siko hapa kuwaambia watu wasiende. Nendeni!

Banda nililopanga lilikuwa la mtu binafsi, sitamtaja wala sitasema liko upande gani. Vyumba viwili, kitanda cha chandarua, taa za sola, na choo cha ndani. Na mimi kwa mazoea ya Blacktown nilioga asubuhi na jioni, kila mara kama dakika 10. Raha tupu.

Wazee walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Asubuhi ya siku ya tatu nilipiga mswaki nikaonja chumvi. Nikadhani ni dawa ya meno. Nikasukutua tena, chumvi. Nikamwita kijana anayelinda pale, akaniambia, "Subiri kidogo bosi, pampu ipumzike, maji yatarudi." Lile neno "pampu ipumzike" lilinigonga. Mtu wa fani yangu akilisikia anajua linamaanisha nini, kisima kinavutwa kuliko kinavyojaa.

Nikachukua ndoo nikafuata njia hadi kisima cha kijijini, si mbali na pale. Nikakuta akina mama wanafua. Mmoja, umri wa mama yangu, akawa wa kwanza kunitazama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye mgeni wa pale bandani?"

"Ndiye mimi."

"Karibu sana. Umepapenda kwetu?"

"Nimepapenda mno, mama."

"Alhamdulillahi. Basi mwanangu, ukioga utubakizie."

Wenzake wakacheka, na mimi nikacheka, lakini uso ulinipata moto. Tukaongea. Akaniambia kisima kile zamani walikuwa wanachotea maji ya chai. Sasa ni cha kufulia tu, ya kunywa na kupikia wanakwenda kuchota mbali zaidi. Nikamuuliza kama wageni wanawakera. Akakataa kabisa. "Wageni waje tu. Mwanangu anakula kwa mashua ya wageni. Tatizo si mgeni, tatizo ile mashine haijui kushiba."

Usiku ule nilitoa kalamu. Bomba la kuogea la kawaida hutoa kama lita 9 kwa dakika. Dakika 10 ni lita 90, mara 2 kwa siku ni lita 180. Hizo ni ndoo 9 za lita 20, bado sijavuta choo. Yule mama anabeba ndoo moja kichwani kwa safari moja. Yaani mimi peke yangu, kwa kuoga tu, nilikuwa namaliza safari zake 9.

Sasa nieleze kwa nini kisiwa kidogo si kama bara, maana wengi wetu hatulijui hili, na hata mimi niliyelisoma darasani nilichora kana kwamba silijui. Chini ya kisiwa kidogo hakuna mto wala ziwa lililofichwa. Kuna maji ya mvua yaliyopenya ardhini, na yameelea juu ya maji ya bahari kama mafuta ya nazi yanavyoelea juu ya mchuzi. Yanaelea kwa sababu maji baridi ni mepesi kidogo. Mita moja ya ujazo ya maji baridi ina kilo 1,000, ya bahari ina kama kilo 1,025. Wataalamu wawili, Ghyben wa Uholanzi na Herzberg wa Ujerumani, waligundua kila mmoja kivyake, zaidi ya miaka 100 iliyopita, kwamba tofauti hiyo ndogo ina matokeo makubwa. Kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inashikilia kama mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo.

Inasikika kama habari njema, mpaka uigeuze. Ukivuta kwa pampu hadi maji yakashuka nusu mita tu, chini yake chumvi inataka kupanda mita 20. Na hiyo ni hesabu ya kitabuni, kwenye mchanga uliotulia. Kwenye mawe ya matumbawe yenye matundu, na bahari inayojaa na kupwa mara 2 kwa siku, mchanganyiko ni mkubwa zaidi, na tabaka lenyewe huwa jembamba sana. Mwanamke anayechota kwa ndoo anaengua juu taratibu. Pampu inanyonya sehemu moja kwa nguvu, na chumvi inapanda kama koni moja kwa moja kwenye bomba. Ikishapanda haishuki kwa wiki moja. Inasubiri mvua za misimu.

Wahenga wetu walilisema hili bila hesabu: maji ya kifuu, bahari ya chungu. Wanaoishi kisiwani ndio hao chungu, na kifuu ndicho chote walicho nacho. Halafu tunakuja sisi na mrija.

Hapo niwe mkweli. Sikupima kisima kile. Sikuwa na kifaa, na siwezi kuapa kwamba pampu ya lile banda peke yake ndiyo iliyotia chumvi. Huenda mvua zilipungua, huenda watu wameongezeka. Lakini kumbukeni nilikuwa pale Julai, masika yametoka kuisha. Kama Julai pampu inapumzishwa, Oktoba itakuwaje? Mhandisi hasubiri daraja lianguke ndipo aseme nguzo ilikuwa nyembamba.

Nikarudia mchoro wangu mwenyewe kwa kalamu ileile. Mabanda 4, wageni 2 kila moja, ni watu 8. Mgeni mwenye choo cha kuvuta, bomba la nguvu na mashuka ya kufuliwa kila siku hutumia kwa urahisi lita 250. Jumla lita 2,000 kwa siku, sawa na ndoo 100. Bwawa la mita 8 kwa 4, kina mita moja na nusu, ni lita 48,000 kulijaza tu, na jua likikausha milimita 5 kwa siku unaongeza lita 160 kila siku bila mtu hata mmoja kuogelea. Familia ya watu 6 inayotumia ndoo 6 kwa siku inatumia lita 120. Maana yake wageni wetu 8 wangekunywa na kuoga maji ya familia 16. Na maji machafu ya vyoo vile yangekwenda wapi? Kwenye shimo, ndani ya mawe yenye matundu, kurudi kisimani au kutoka baharini kwenye yale matumbawe ambayo mgeni amelipa kuja kuyaona.

Tena hatua 20 kutoka majini! Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Mimi niliyesoma nikachora hatua 20. Nadhani mnaelewa kwa nini nilichana ule mchoro.

Sasa kinachonishangaza ni hiki. Huku tunakoishi, kwenye nchi tajiri na jiji lenye mabwawa makubwa, watu wameshafundishwa kuogopa kukosa maji. Kutoka Blacktown si mbali kwenda bwawa la Prospect, lililokamilika mwaka 1888. Sehemu kubwa ya maji ya Sydney inatoka bwawa la Warragamba. Pamoja na hayo, ukame ulipobana, jiji liliwekewa masharti ya matumizi ya maji kati ya 2003 na 2009, na mwaka 2010 wakawasha mtambo wa kuondoa chumvi baharini pale Kurnell. Tangu 2004 jimbo la New South Wales linamtaka anayejenga nyumba mpya aonyeshe atapunguzaje maji ya bomba, ndiyo maana nyumba nyingi mpya huku kwetu zina tangi la mvua pembeni. Na wale mnaopanga Stanhope Gardens au The Ponds mnazijua zile bomba za zambarau. Hayo ni maji yaliyotumika yakasafishwa, yanarudi kuvuta vyoo na kumwagilia bustani, mpango ulioanza Rouse Hill mwaka 2001.

Yaani mtu mmoja huyuhuyu, akiwa Blacktown anavuta choo kwa maji yaliyorudiwa na hachukii, akifika kisiwani kwetu anataka kuvuta choo kwa maji ya chai ya watu. Na anayemjengea hicho choo ni mimi na wewe, watoto wa huko.

Msiseme natia chumvi. Mwaka 2011 nchi ya Tuvalu, visiwa vya hapa hapa Pasifiki, ilitangaza hali ya hatari kwa kukosa mvua, ikabidi New Zealand na Australia zipeleke mitambo ya kusafisha maji ya bahari kwa ndege. Nyumbani nako, mji wa Lamu unategemea visima vya Shela, kwenye vile vilima vya mchanga ambavyo kila mwenye pesa anatamani kujenga juu yake. Mchanga ule ndio tangi la mji mzima. Ukijenga juu ya tangi la watu na kuchimba shimo la choo humo, sijui tuite maendeleo ya namna gani.

Nilipowasilisha haya kwenye kikao, mambo yalichemka. Nayataja waliyosema kwa haki.

Wa kwanza alisema, "Tutaweka mtambo wa kuondoa chumvi." Inawezekana. Kiunga, kaskazini ya Lamu, upo wa nguvu za jua tangu 2018, na unahudumia wananchi. Lakini unahitaji umeme, vichujio vya kubadilisha, fundi wa kuutunza, na mahali pa kumwaga yale maji makali ya chumvi yanayobaki. Kwa dola zetu 28,800 tutamaliza pesa kabla ya kununua kitanda. Na siku ukiharibika, kila mtu atarudi kisimani na pampu.

Wa pili alisema, "Tusipojenga sisi, watajenga wageni, na wao hawatauliza." Hili ndilo gumu zaidi, na lina ukweli. Lakini ndugu zangu, kama tunajenga vilevile kama asiyetujali, faida ya sisi kuwa wenyeji ni ipi? Yule mama atajali kwamba aliyemkausha kisima anajua kusema shikamoo?

Wa tatu alisema, "Wewe umesoma sana, unatuvunja moyo." Huyo sikumjibu, nilimpa chai. Najua anachokisema. Ametoa dola 100 mara 24, na kila akitoa anaona lile banda. Mimi pia nalitaka. Nataka siku moja mama yangu akae kwenye ile baraza.

Kwa hiyo sikuja na "hapana" tupu. Nimekuja na mchoro mwingine, na mfano wake upo. Chumbe, karibu na mji wa Zanzibar, ni kisiwa kidogo kisicho na kisima. Kina mnara wa taa wa mwaka 1904 na mabanda 7 ya wageni, yaliyojengwa miaka ya 1990. Maji yote ya mabandani ni ya mvua, yanashuka kutoka kwenye paa hadi kwenye hodhi chini ya nyumba. Vyoo havitumii maji kabisa, vinageuza kinyesi kuwa mboji. Maji ya kuogea yanachujwa na kupitishwa kwenye vitalu vya mimea. Umeme ni wa jua. Waliokuwa wavuvi ndio wakawa walinzi wa matumbawe. Wageni wanalipa pesa nyingi, wala hawalalamiki. Mtu anayesema mtalii hawezi kuishi bila bwawa na choo cha kuvuta, hajafika Chumbe.

Nacho si kitu kigeni kwa Waswahili. Watu wa Pate, Faza na visiwa vya jirani wana majabia tangu zamani, sakafu pana ya kukingia mvua na tangi chini yake. Wasini nao kwa muda mrefu walitegemea mvua. Babu zetu walijua kisiwa ni cha kukingia, hakichimbwi ovyo.

Hesabu yake ni hii. Paa la banda moja pamoja na baraza, mita za mraba 80. Mvua nimechukua milimita 1,500 kwa mwaka, kiasi cha tahadhari kwa ukanda ule. Milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, kwa hiyo paa linapokea lita 120,000. Tuseme moja ya tano inapotea, zinabaki 96,000. Wageni wawili wenye choo kikavu na bomba la kuogea la kubana, lita 60 kila mmoja, wanatumia lita 120 kwa siku, yaani 43,800 kwa mwaka, na hapo nimejaza banda kila siku, jambo ambalo halitatokea. Kiangazi cha siku 150 kinahitaji lita 18,000. Kwa hiyo kila banda liwe na hodhi la lita 20,000. Makuti yanapendeza kwenye picha lakini maji yake yana rangi na takataka, yanataka kichujio kizuri. Mimi ningeweka bati, na makuti kwenye kibaraza tu.

Ninachopendekeza kwa kikundi, na kwa yeyote mwenye ndoto kama yetu, ni haya. Mabanda 2 badala ya 4 kwa kuanzia. Hodhi lijengwe kabla ya ukuta. Hakuna kisima cha mashine, hakuna bwawa. Mgeni ana Bahari ya Hindi nzima mbele yake, aogelee humo. Nyumba ikae nyuma ya mita 60. Na kwa pesa tuliyookoa kwenye bwawa, tujenge tangi moja kwenye paa la shule au la msikiti, libaki la kijiji, hata kama mabanda yetu yatakufa. Haya yote tuyazungumze na kijiji kwanza, siyo tuwapelekee taarifa baada ya kununua.

Na ninyi mtakaokwenda likizo tu, Mafia, Lamu, Fiji au popote, kabla hujalipa uliza maswali matatu. Maji yanatoka wapi? Choo kinakwenda wapi? Jirani anachota wapi? Mwenye nyumba akiwa na majibu, lala usingizi. Akikwambia "usijali", basi jali. Na ukifika oga kwa ndoo. Hutakufa, tulilelewa hivyo.

Kikao chetu kijacho ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Tutapiga kura. Nimewaambia wenzangu wazi: mchoro wenye pampu ukipita, mimi jina langu halitakuwepo chini yake, na dola zangu 2,400 nitaomba nirudishiwe. Najua nitapoteza baadhi ya marafiki, na huku ugenini rafiki ni ndugu. Lakini tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji hawezi kupona kwa maji ya chumvi.

Naomba kuwasilisha.